Homa haishuki, macho mekundu, malaria hakuna. Ni surua au Kawasaki?

MamaAtu_Uyole
Jamani, habari za jioni. Niko Uyole, Mbeya. Kijana wangu wa miaka 7 anachemka tangu Jumapili, leo Ijumaa. Zahanati wamepima malaria, hakuna, wakatupa amoksilini na sirapu ya homa. Macho mekundu lakini hayana tongotongo, midomo imepasuka, tumbo linamuuma hadi anajikunja. Bibi yake anasema surua. Jirani yangu muuguzi kataja Kawasaki, ndiyo kwanza nalisikia. Mwezi uliopita nyumba nzima tuliugua mafua, baba yake hata harufu ya vitunguu hasikii. Hatukupima.

Mzee wa Nyungu
Mfukize na mchaichai na mkaratusi, kesho anacheza mpira.

Tabibu_Tukuyu
Mzee, mtoto anachemka halafu umfunike blanketi juu ya sufuria la moto? Hapana.
Mama Atu, pole. Surua huja na mafua na kikohozi, na upele wake huanzia usoni na nyuma ya masikio ndipo ushuke. Angalia kadi ya kliniki, alichanjwa miezi 9 na 18? Na kama likizo alikwenda Kyela, malaria ipimwe tena.

MamaAtu_Uyole
Zote mbili kachanjwa. Kyela hajakanyaga mwaka huu. Kikohozi hana.

Dokta wa Watoto
Mama, hiyo habari ya harufu ndiyo iliyonishtua, huenda mafua yale yalikuwa korona. Aprili 2020 madaktari wa Uingereza walitoa tahadhari juu ya watoto waliofanana na wagonjwa wa Kawasaki, ila wengi walikuwa wakubwa zaidi na matumbo yanawauma sana. Ugonjwa huo sasa unaitwa MIS-C. Huja wiki 2 hadi 6 baada ya korona, hata kama korona yenyewe ilimpitia mtoto kimyakimya. Kinga ya mwili inawaka na kuushambulia mwili wenyewe.

Kawasaki ni wa zamani, Dk. Tomisaku Kawasaki aliuandika Japani mwaka 1967, na wengi wanaoupata hawajafika miaka 5. Ulimi huwa mwekundu wenye vipele, viganja huvimba, na wakati mwingine kovu la chanjo ya kifua kikuu begani huwaka upya. (Upele kwenye ngozi zetu nyeusi usiutegemee, unajificha.) Chembe za kugandisha damu hupanda sana wiki ya pili, kwenye MIS-C mara nyingi hushuka, na presha inaweza kuanguka ghafla. Lakini dalili zinaingiliana mno, hata sisi hatuwatenganishi kwa macho. Na yote mawili hugusa moyo: Kawasaki isipotibiwa, karibu mtoto 1 kati ya 4 hutanuka mishipa inayolisha moyo.

Kwa hiyo usingoje Jumatatu. Mpeleke hospitali ya rufaa usiku huu. Akiwa na mikono ya baridi, anahema haraka au anasinziasinzia, ni dharura. Aspirini ya dukani usimpe. Hiyo hutolewa wodini kwa kipimo.

MamaAtu_Uyole
Shikamoo dokta. Baba yake kaenda kutafuta bajaji. Nikifika niseme nini, wasije wakaona najifanya daktari?

Dokta wa Watoto
Marahaba. Sema homa ni tangu Jumapili, macho, midomo, tumbo, na kwamba baba yake alipoteza harufu mwezi uliopita. Hilo la mwisho lisisitize, hawatalijua usiposema. Kisha omba picha kamili ya damu na moyo uangaliwe kwa eko, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti.