Kwa nini kadi ya RAV4 inasema "station wagon"?

Mleta mada
Ndugu wanajukwaa, salaam. Kadi ya usajili ya gari letu la nyumbani, Toyota RAV4, inasema bodi yake ni "station wagon", na Corolla Fielder ya jirani yangu imeandikwa vivyo hivyo, ingawa moja limenyanyuka na jingine limelala chini. Stesheni inayotajwa hapo ni ipi?

Fundi Bodi
Ni stesheni ya reli. Huko Marekani, abiria walioshuka kwenye treni na masanduku yao walipokelewa na magari ya farasi, na baadaye ya injini, yaliyowafikisha hotelini au majumbani. Bodi zilikuwa za mbao, kazi ya maseremala, zikifungwa juu ya chesesi za Ford Model T, hadi mwaka 1929 Ford yenyewe ilipoanza kuuza gari la namna hiyo katika toleo la Model A. Mbao zilidai vanishi kila mara na viungo vyake vililegea, kwa hiyo kampuni ya Willys ilipotoa la chuma kitupu mwaka 1946, familia zilipata gari lisilohitaji seremala.

Msomaji wa Tanga
Naomba kuongezea. Waingereza husema "estate", kwa kuwa magari hayo yalitumika kwenye mashamba makubwa ya matajiri. Kabla ya hapo walikuwa na "shooting brake": "brake" lilikuwa gari zito la kuwazoeza farasi wachanga kuvuta, ambalo baadaye lilibeba wawindaji, bunduki na mbwa wao. Wafaransa wamebaki na "break". Wajerumani wana "Kombi", kifupi cha neno refu mno lenye maana ya gari la abiria na mizigo kwa pamoja, na hilo sisi tumeliachia vibasi vya Volkswagen vyenye injini nyuma.

Mleta mada
Nashukuru sana, lakini RAV4 inaingiaje humo?

Mzee wa Gereji
Kwa njia ya Land Rover, ndugu yangu. Mwaka 1948 lilianza kama gari la shambani lenye turubai, na mara moja likatolewa toleo la watu saba, lenye bodi iliyoundwa na kampuni ya Tickford, likaitwa Station Wagon ingawa lilikuwa la Kiingereza kabisa. Halikuuzika sana, maana lilitozwa kodi ya gari la binafsi ambayo lile la shambani halikutozwa, ila jina lilidumu, na Toyota nayo ikalitumia kwa Land Cruiser. Kinachoangaliwa ni umbo, si urefu kutoka ardhini: paa likinyooka hadi mlango wa nyuma, na mizigo ikikaa chumba kimoja na abiria, gari ni "station wagon", buti likitengwa, ni saluni. Nadhani kapu hilo limekuwa pana kupita kiasi, kwani hata kwenye matangazo ya mnada ya Kenya utakuta Prado na Probox zote zimeandikwa "S/Wagon".