Spika mbili zimekufa usiku mmoja, muuzaji ananiambia eti amplifaya ilikuwa ndogo!

Wakuu, leo sijaja kuomba ushauri, nimekuja kutema nyongo.

Nilinunua seti ya besi kwa ajili ya kazi za ukumbini. Maboksi mawili, kila moja lina spika moja ya inchi 18, na amplifaya moja ambayo muuzaji aliapa kwamba "vimeoana kabisa". Boksi limeandikwa wati 4000 kwa herufi kubwa kuliko jina la mtengenezaji. Amplifaya nayo 4000. Nikaambiwa: unganisha maboksi pamoja, weka amplifaya briji (chaneli zake mbili zifanye kazi kama moja), sahau. Na kweli nikasahau, mimi mtu mzima niliyezeekea kwenye miksa.

Sherehe ya kwanza tu, watu ndiyo wanaanza kuinuka kucheza, besi ikakata. Ikarudi. Ikakata tena. Amplifaya inajikinga, feni inavuma mpaka inashindana na muziki. Nikampigia muuzaji. Akasema toa briji, kila boksi lipe chaneli yake, halafu fidia kwa kuongeza besi. Nikatii. Taa nyekundu ya amplifaya, ile ya kuonya kwamba imezidiwa, ikawaka ikagoma kuzima. Baada ya saa mbili hivi boksi moja likaanza ta-ta-ta kama mtu anagonga bati, na la pili likanyamaza taratibu likaacha harufu ya vanishi iliyoungua.

Kesho yake nikazifungua. Ya ta-ta-ta, koili (waya uliozungushwa unaosukuma koni, ile sehemu ya spika inayotetema) haijaungua hata kidogo, shaba inang'aa, ila mdomo wake umejikunja kwa kugonga bamba la nyuma la sumaku. Ukisukuma koni kwa vidole inakwaruza. Ya pili koili nyeusi tii, waya umebanduka kama ganda. Vifo viwili tofauti kabisa, na jamaa ana maelezo mamoja: "Amplifaya ndogo inaua spika, chukua kubwa zaidi." Ambayo anayo dukani, bila shaka.

Ebu tuhesabu. Kwenye sumaku, ndani ya boksi ambako mnunuzi hachungulii, imeandikwa wati 1000 mfululizo, omu 8 (omu ni ukinzani wa spika; zikipungua, mzigo wa amplifaya unaongezeka). Ile 4000 ni kilele cha kupepesa jicho, mara nne ya uwezo halisi. Amplifaya nayo, ukisoma kijitabu: wati 700 kwa chaneli kwenye omu 8, 1200 kwenye omu 4. Hiyo 4000 inapatikana kwa briji kwenye omu 4 peke yake, maana yake kila chaneli inabeba nusu yake, omu 2. Maboksi mawili ya omu 8 yaliyounganishwa sambamba ni omu 4. Alinipeleka kwenye mzigo mzito kuliko yote ambayo mashine inaruhusu, halafu anashangaa ikijizima!

Na hiyo 4000 ya amplifaya yenyewe imepimwa kwa mlio wa milisekunde 20. Wakuu, wimbi moja la hezi 40 (mitetemo 40 kwa sekunde) linachukua milisekunde 25. Kipimo kimeisha kabla besi haijamaliza mzunguko mmoja!

Sasa hili la amplifaya ndogo. Ingekuwa udogo wa nguvu unaua, basi spika zote zingekufa ukipiga kwa sauti ya chini. Koili inauawa na joto. Amplifaya ya wati 700 ukiikandamiza mpaka wimbi likatwe vichwa likawa mraba, inakaribia kutoa wati 1400, mfululizo, kwenye koili ya 1000. Ilizidishiwa, haikupunjwa. Na ingekuwa kubwa zaidi bila limita (kizuizi cha nguvu isipite kiwango), na mimi nikafuata maelekezo yaleyale, ingeungua mapema zaidi.

Ile nyingine iliuawa na mwendo. Boksi lina tundu la hewa, na chini ya hezi ambazo tundu limepimiwa, hewa ya ndani haishiki koni tena. Inayumba ovyo hata kwa wati zilizo chini ya uwezo wake. Dawa yake ni filta ya kukata hezi za chini, na krosova (kifaa cha kugawa sauti za juu na za chini) niliyouziwa ilikuwa nayo, imezimwa. Hakuna aliyeniambia iwashwe. Kosa langu ni kutokagua, nalikubali, msinichape. Lakini yeye ndiye aliyesema niongeze besi.

Nimemwomba karatasi ya kipimo ya hizo spika, nikataka na anieleze limita iwekwe volti ngapi (wati 1000 kwenye omu 8 ni kama volti 89, hesabu ya shule tu). Kimya. Dhamana amekataa, eti "matumizi mabaya".

Leo asubuhi kanitumia picha ya amplifaya mpya. Imeandikwa 8000. Upande wenye maandishi ya omu ameufunika kwa kidole.