Makunyanzi ya mama na taya lililolegea: leza, mawimbi ya redio au altrasaundi?

Binti_SouthB: Mama ana miaka 54, ngozi yake nyeusi sana. Ana makunyanzi pembeni mwa macho na mashavu yameanza kushukia taya. Sindano na kisu hataki. Kliniki moja ya Westlands inasema leza, nyingine mawimbi ya redio, nyingine HIFU (altrasaundi yenye nguvu). Kipi kinamfaa?

NgoziSalama: Dada, anza na rangi. IPL (mwanga mkali wa mipigo) na leza nyingi hufyonzwa na melanini, rangi ya asili ya ngozi. Kwa ngozi nyeusi joto huishia juu na kuacha malengelenge, kisha mabaka. Leza ya Nd:YAG yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 ina nafuu. Mawimbi ya redio hayabagui rangi, kwani joto hutokana na ngozi kuupinga umeme. Kwa macho ningeanzia hapo. Ngozi ya juu ishikiliwe nyuzi 40 hadi 42 kwa dakika kadhaa: chini ya hapo mnalipia kukandwa tu, ikipita 45 ataungua. Muulize mhudumu anapimaje joto. Akijibu kwamba mteja atasema akiumia, ondokeni. Kope zikiguswa, ngao ya jicho iwe ya plastiki, si ya chuma. Mwenye pacemaker, kifaa cha mapigo ya moyo, asifanyiwe kabisa.

Fundi_Altrasaundi: Taya ni kazi ya altrasaundi. Kichwa cha mashine kinachopiga kina cha milimita 4.5 hufika SMAS, lile tabaka linaloshikilia uso; cha 3 na cha 1.5 ni vya ngozi yenyewe. Jeli ikipungua au kichwa kisipolala sawasawa, hewa hubaki katikati na nishati huunguza juu: ndiyo ile mistari myekundu iliyonyooka. Mashine ya Ultherapy huonyesha picha ya tabaka kabla ya kupiga. Mashine nyingi za bei nafuu hazionyeshi, anayepiga anakisia. Ukingoni mwa taya hupita neva ya mdomo wa chini. Ikipata joto, tabasamu hupinda kwa wiki kadhaa. Na kama mama ni mwembamba wa uso, fikirini mara mbili: mafuta ya shavu yakiyeyuka ataonekana mzee zaidi.

NgoziSalama: Hilo la mafuta ni kweli, na wauzaji hawalisemi. Pia, kama anapaka krimu ya kung'arisha yenye steroidi, aseme mapema. Ngozi hiyo ni nyembamba na hupona vibaya. Kolajeni mpya, protini inayokaza ngozi, huchukua miezi 3 hadi 6, basi asiuziwe HIFU ya pili baada ya wiki mbili. Losheni ya jua ya SPF 30 au zaidi kila siku, hata Julai yenye mawingu. Jina la daktari litafuteni kwenye rejista ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, kabla ya kutuma pesa.