Jirani ana sola, mbona anapinga nguzo za umeme?

Mgeni wa Bondeni: Wakuu, habari za huko. Naishi Carmarthenshire, Wales, kijijini kabisa, kondoo na mvua tu. Jirani yangu mkulima kabandika bango getini: nguzo hatutaki, nyaya zifukiwe chini. Lakini banda lake limejaa paneli za sola! Sasa anapinga nini?

Mchimba Chumvi: Mkuu, umeme safi hana neno nao. Anauliza nani anafaidi. Mwaka 1965 kijiji cha Capel Celyn, bonde la Tryweryn hapo hapo Wales, kilizamishwa chini ya bwawa ili Liverpool ya England ipate maji. Hujaona kwenye kuta "Cofiwch Dryweryn"? Ni Kiwelisi: Kumbukeni Tryweryn, ndiyo hiyo.

Bi Kilemba: Mwanangu, panda kaskazini hadi Bethesda. Ynni Ogwen ni mtambo wa maji wa kilowati 100, ulianza 2017, na wenyeji walinunua hisa. Faida inarudi kwao.

Mgeni wa Bondeni: Ahsante mama, kumbe. Jana upepo uling'oa bango lake, nikamsaidia kulifunga upya kwa kamba ya marobota ya nyasi. Kanipa mayai sita. Wazo la hisa nitamtajia, ila mbishi huyo!