Mtoto ana mbio Garuga wikendi ijayo, pikipiki imezoea hewa ya Nairobi: nibadilishe nini?

Baba_wa_85
Wakuu, salaam. Kijana ana miaka 12, anaendesha KTM 85 SX ya kabureta, tustroki (ile injini ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli). Mazoezi yote ni pale Jamhuri Park na pikipiki inaimba vizuri. Wikendi ijayo tunavuka Malaba kwenda Garuga, Uganda, kwa mbio za motokrosi. Jumamosi ni ukaguzi na mazoezi, Jumapili hiti, yaani raundi za mbio zenyewe. Fundi wetu anasema tusiguse kitu, eti inayoimba iachwe iimbe. Mwingine ananiambia nitaua injini. Nani mkweli? Na mengine ya kujiandaa nipeni kwa vipimo tafadhali.

JetiKuu
Wa pili ndiye mkweli. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Garuga iko kando ya Ziwa Victoria, kwenye mita 1,150 hivi. Ukishuka kiasi hicho hewa inakuwa nzito, injini inavuta oksijeni zaidi, lakini tundu la jeti, kile kidude kinachopima petroli ndani ya kabureta, ni lile lile. Hewa inazidi, petroli inapungua, kichwa cha pistoni kinachemka. Ubaya wa hali hiyo ni kwamba pikipiki huvuta kwa ukali mtamu kabla ya kufa. Mtoto anashuka anacheka, hiti inayofuata, gesi ikiwa wazi kwenye sehemu iliyonyooka, pistoni inashika, yaani inakwama ndani ya silinda. Kumbuka kwenye tustroki petroli ndiyo inayobeba oili, kwa hiyo ikipungua moja, zote mbili zimepungua.

Beba jeti kuu (inayolisha injini gesi ikiwa wazi) mbili kubwa kuliko ya sasa. Mfano, kama Jamhuri anatumia 142, weka 145 na 148 kwenye boksi la vifaa, pamoja na spana ya 6 ya kuifungulia. Mazoezi ya kwanza aanze na kubwa kabisa, halafu mshuke. Jeti ikizidi ukubwa injini itakohoa na kuguguna juu, moshi utakuwa mwingi. Inaudhi tu, haiui. Ndogo ndiyo inayoua.

Kupima: plagi mpya, injini iwe imepata moto, avute gesi yote kwenye sehemu ndefu iliyonyooka, kisha kwa mpigo mmoja akamate klachi na abonyeze swichi ya kuzima. Asirudi akiendesha polepole, msukume hadi kambini, maana mwendo wa polepole unapaka rangi nyingine juu ya ile unayoitafuta. Fungua plagi utazame ile kaure nyeupe iliyo katikati. Ikiwa kama chai ya maziwa, mko salama. Ikibaki nyeupe, ongeza jeti kabla hajawasha tena. Ikiwa nyeusi na mbichi, punguza namba moja.

Baba_wa_85
Nimeelewa, asante. Fundi amekuja na wazo jingine: tuache jeti, tuongeze oili kwenye petroli ili ilainishe zaidi. Vipi?

JetiKuu
Hapo atakuwa anaongeza ugonjwa. Jeti inapitisha kiasi kile kile cha maji-maji. Ukiongeza oili ndani yake, petroli inayopita inapungua, unazidi kuunguza. Shikeni uwiano mliozoea na ambao kitabu cha pikipiki kinakubali. Kama ni 1 kwa 40, ni mililita 25 kwa kila lita, yaani 125 kwa galoni ya lita 5. Pimeni kwa kikombe chenye alama, si kifuniko cha chupa ya soda.

Mlio_wa_Chini
Naongezea: jeti kuu inatawala gesi ikiwa wazi tu. Katikati ni sindano ya kabureta. Klipu yake ikishushwa tundu moja, sindano inapanda na petroli inaongezeka. Chini kabisa ni skrubu ya hewa: injini ikiwa moto na inanguruma bila gesi, zungusha polepole hadi mlio ufike juu kabisa, simama hapo. Ukijikuta umeifungua zaidi ya mizunguko miwili na nusu, au karibu imefunga, tatizo liko kwenye jeti ya pili, ile ndogo inayolisha injini gesi ikiwa imefungwa, acheni kuisumbua skrubu.

Mkaguzi_Mwenye_Huruma
Mezani kwa wakaguzi watu hurudishwa kwa vitu vya shilingi hamsini. Ncha za mikono ya breki na klachi lazima ziwe na vile virungu vya duara. Ikivunjika ncha, inakuwa kisu. Raba za kushikia ziwe na vizibo vya mwisho, zisizunguke. Swichi ya kuzima ifanye kazi mkaguzi akiibonyeza mbele yako. Vikanyagio vikikunjwa vijirudishe vyenyewe kwa springi. Sponji ya usukani iwepo. Kofia iwe na lebo ya kiwango, ECE au Snell, na isiwe na ufa hata wa nywele. Beba mkono mmoja wa akiba wa klachi na mmoja wa breki, maana hivyo huvunjika kwenye kila anguko la pili.

Na spoki! Zigonge kwa spana moja moja baada ya mazoezi ya kwanza. Yenye sauti ya bati imelegea. Usikaze moja mzunguko mzima, robo tu, uende ya tatu yake, la sivyo rimu inapinda.

Chujio3
Chujio la hewa: matatu, moja kwa kila mara anapoingia uwanjani. Yaoshwe nyumbani, yakauke kabisa, yapakwe oili ya chujio na kufungwa kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki. Msioshe kwa petroli, inayeyusha gundi ya maungio ya sponji, vumbi linapenya pale pale. Paka grisi kidogo ukingo unaokaa kwenye boksi.

TopeJekundu
Udongo wa huko ni mwekundu, na mvua ya ziwani haina adabu. Kukiwa kukavu, upepo wa tairi psi 12 hadi 14. Kukinyesha, shusha hadi 11, si chini zaidi, rimu itaibana tyubu na kuitoboa. Tope likishika pikipiki inaongezeka kilo kadhaa, kwa hiyo nyunyizeni mafuta ya silikoni chini ya mabawa (madigadi) na ndani ya kinga ya injini kabla ya hiti. Msiguse diski wala pedi za breki kwa dawa hiyo. Mnyororo uwe umelegea kidogo kuliko kawaida: tope likijaa kwenye sproketi linaukaza, na mnyororo uliokaza unaua beringi ya shafti ya gia. Miwani iwekwe filamu nyembamba za kung'oa zikichafuka, na afundishwe kung'oa kwenye sehemu iliyonyooka, si angani.

KandoYaGeti
Upande wa mtoto mwenyewe. Kwa kanuni za FIM, shirikisho la kimataifa la mbio za pikipiki, huonyeshwa ubao wa sekunde 15, kisha wa 5, na geti la kuanzia huanguka kati ya sekunde 5 na 10 baadaye. Asimtazame mwenye ubao, atazame pini ya geti iliyo mbele yake. Gia ya pili, kidevu juu ya usukani, kidole kimoja au viwili kwenye klachi. Asubuhi tembeeni njia yote kwa miguu, mara mbili kama muda upo. Mara ya kwanza atafute mistari mizuri ya kupita, ya pili ajue wasimamizi wa bendera wanasimama wapi. Njano ikipeperushwa hapiti mwenzake, anapunguza mwendo, tena haunganishi matuta mawili kwa mruko mmoja.

Chakula kizito kiishe saa mbili au tatu kabla ya hiti. Katikati ndizi na maji yenye chumvi za kuongeza maji mwilini, kwa mafunda madogo. Soda za kutia nguvu mwacheni nazo.

Bendera_Nyekundu
Hili halina mjadala: akigonga kichwa, akawa anauliza swali lile lile mara mbili, anaumwa kichwa, anatapika au anayumba, wikendi imeisha kwake, hata kama anaongoza. Dalili nyingine huja baada ya saa kadhaa. Aonwe na daktari wa uwanjani kabla ya kupanda gari, na kofia hiyo isitumike tena, maana povu la ndani likishabonyea halirudi hata kama nje inang'aa.

Baba_wa_85
Nimeandika yote. La mwisho: tukirudi Nairobi nibaki na jeti ya Garuga ili niwe upande salama?

JetiKuu
Itawaka, lakini itaguguna na kuchafua plagi kila mara, na mtoto atajifunza kuvuta gesi vibaya akiifidia. Rudisha ya zamani kabla ya mazoezi ya kwanza. Andika namba zote mbili kwenye kipande cha utepe, Jamhuri na Garuga, ubandike nyuma ya bati la namba.