Mtoto wa udongo kutoka Thailand: pambo au kitu cha ibada?

MamaZulfa, Tanga
Habari zenu. Kaka yangu hupeleka vito Bangkok, na safari hii karudi na mtoto wa udongo mwekundu, urefu wa shibiri moja. Kalala chali, mashavu tele, macho kayafumba kwa kicheko, anachezea vidole vya miguu. Kichwa kimenyolewa, limebaki fundo la nywele utosini. Nimempenda mno! Mama alipomwona akaguna: "Hilo lina wenyewe, lirudishwe." Fundo lile maana yake nini? Nataka kumjibu mama kwa heshima, si kwa ubishi. Halafu kidole kimoja kimekatika njiani, naomba msaada.

Msafiri_ChiangMai
Shikamoo yake mama. Mwambie hilo ni denge. Wathai huliita *chuk*: zamani mtoto alinyolewa, nywele zikaachwa utosini kulinda pale palipo laini, na akikaribia kubalehe zikakatwa kwa sherehe. Watoto wa udongo wa namna hiyo wamejaa bustanini na milangoni huku, wengine wameunganisha viganja kukuamkia.

Lakini mama hakuguna bure. Kipo kinachoitwa *kuman thong*, "mtoto wa dhahabu", ambacho watu hukitunza kwa sababu ya roho, nacho pia huwa na denge. Hicho aghalabu kina rangi ya dhahabu, huwekwa madhabahuni na kutengewa soda nyekundu na vitu vya kuchezea. Wako, kwa unavyomweleza, ni wa bustani.

Mfinyanzi
Mgeuze, utaona tundu. Ndani yu mtupu, na mvuke ulitokea hapo alipokuwa tanuruni. Kidole kibandike kwa gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili. Uji wa udongo hautashika, maana huyo ameshachomwa.

Nami nafinyanga watoto. Denge na mashavu si kazi. Kazi ni kicheko. Ukizidisha mkunjo mmoja mdomoni, mtoto kawa mzee. Vitafute pia vijitu vya kaure nyeupe vya Vipoo Srivilasa, mzaliwa wa Bangkok anayeishi Melbourne, anavyovichora kwa buluu ya kobalti. Vina uchangamfu huohuo.

MamaZulfa
Tundu lipo, chini ya mgongo. Mama kusikia denge akanyamaza, kisha akanihadithia marehemu mjomba alivyokuwa akikatwa denge na bibi, analia kijiji kizima kinasikia. Kasema mtoto akae barazani, chumbani asiingie. Gundi nitanunua kesho.