Wakuu, nisaidieni kupanga kikosi cha besiboli cha muda wote kabla ya Jumamosi

Mtoto wa Ngamiani:

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba uzi huu msiupeleke jukwaa la utani, nina shida ya kweli.

Niko Cincinnati, Ohio, mwaka wa tano sasa, napanga mizigo ghalani. Wenzangu wa zamu wana mchezo wao kila mwaka: kila mtu analeta kikosi chake cha besiboli cha muda wote, wapigaji tisa na warushaji watano, halafu anakitetea mbele ya wenzake siku ya nyama choma. Atakayeonekana ametoa pumba analipia mbavu za watu wote. Miaka minne nimekwepa kwa kusema mimi ni mtu wa Coastal Union. Mwaka huu wamekataa.

Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji anarusha, mpigaji ana gongo mkononi, akikosa mara tatu, yaani straiki tatu, anatoka. Mrushaji naye akikosea shabaha mara nne, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure, ndiyo matembezi ya bure. Akipiga anakimbia vituo vinne, na akirudi salama alipoanzia ni mkimbio mmoja. Akiuvusha mpira juu ya uzio anazunguka kwa raha zake, hiyo ndiyo homurani.

Listi yangu hii hapa. Mdakaji Johnny Bench. Kituo cha kwanza Lou Gehrig, cha pili Joe Morgan, cha tatu Mike Schmidt, na kati ya cha pili na cha tatu Honus Wagner. Nje kushoto Barry Bonds, katikati Willie Mays, kulia Hank Aaron. Wa kupiga tu bila kudaka, Babe Ruth. Warushaji: Walter Johnson, Sandy Koufax, Bob Gibson, Nolan Ryan, na Mariano Rivera wa kufunga mlango mwishoni.

Nikiri: Bench na Morgan ni watu wa Reds, timu ya hapa, nimewaweka kidogo kwa kujipendekeza. Bonds sijui nimuache au vipi, maana akitajwa tu watu wanataja sindano za dawa za kuongeza misuli. Na hakimu ni mzee aliyekulia St. Louis, alikochezea Bob Gibson, na alimwona akirusha kwa macho yake. Nawasilisha.

Kipanga wa Mbagala:

Hapo kwenye gongo ndipo nilipokuelewa. Huku ukikutwa na gongo mkononi unalala ndani, huko unalipwa mamilioni ya dola. Nachukua siti ya mbele.

Mkazi wa Boston:

Mkuu, Nolan Ryan mtoe leo leo. Najua anavutia: wapigaji 5,714 aliwatoa kwa straiki tatu, na mechi saba alimaliza bila kupigwa hata mpira mmoja wa maana. Lakini alishinda 324 akapoteza 292, hakuna mrushaji aliyewahi kugawa matembezi ya bure kama yeye, na tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa mwaka, hakuipata hata mara moja. Yule ni fataki.

Weka Pedro Martínez. Chukua mwaka 2000, wakati ambao wapigaji walikuwa wamevimba misuli na homurani zinaanguka kama maembe ya msimu. Katika ligi ya American, moja ya zile mbili kuu, mrushaji wa kawaida aliruhusu karibu mikimbio mitano kwa kila awamu tisa, yaani mechi nzima. Pedro aliruhusu 1.74. Aliyemfuata, Roger Clemens, 3.70. Yaani wa pili ameruhusu zaidi ya mara mbili ya wa kwanza! Ukiulizwa nani alitawala, usianze na idadi ya mechi alizoshinda, pima umbali kati yake na aliyemfuata. Hata Ruth mtetee hivyo hivyo: mwaka 1927 alipiga homurani 60, na hakuna timu nyingine katika ligi yake iliyofikisha hizo kwa wachezaji wake wote.

Jirani wa Kisauni:

Ndugu yangu wa Boston, kipimo chako kizuri, lakini kitakurudi. Bob Gibson 1968 aliruhusu 1.12, sawa, ila mwaka ule kila mrushaji alikuwa sultani. Ligi ya American nzima aliyeongoza kwa kupiga, Carl Yastrzemski, alifikia .301 tu, yaani mipigo mitatu hivi kwa kila majaribio kumi. Hali ilikuwa mbaya hata msimu uliofuata wakakiteremsha kichuguu anachosimamia mrushaji kutoka inchi 15 hadi 10, ili kumpunguzia nguvu. Pedro alirushia kichuguu kifupi.

Kuhusu Bonds, mie simuachi. Mwaka 2004 walimpa matembezi ya bure mara 232, na 120 kati ya hizo ni za makusudi kabisa: timu pinzani yasema wazi, afadhali tukupe kituo kuliko tukurushie. Huyo mtu alitisha kabla hajashika gongo.

Mkazi wa Boston:

Jirani, nakubali kuhusu 1968. Ila usimshauri kijana akaseme hayo mbele ya mzee wa St. Louis, utamlipisha mbavu.

Kwa Bonds, waandishi walipiga kura miaka kumi na hawakumwingiza kwenye Jumba la Mashujaa. Ukimweka, utetezi wako wote utaishia kwenye dawa. Weka Ted Williams. Siku ya mwisho ya msimu wa 1941 alikuwa na .39955. Angekaa benchi wangemwandikia .400 na hakuna ambaye angelalamika. Akacheza mechi zote mbili za siku hiyo, akapiga sita kati ya nane, akamaliza na .406. Tangu hapo hakuna aliyefika .400 kwa msimu mzima kwenye zile ligi mbili kuu, American na National.

Binti Upanga:

Kaka zangu, mnapima umbali kati ya wa kwanza na wa pili, lakini nani aliruhusiwa kusimama kwenye foleni? Ruth alipiga zote zile kwenye ligi ambayo mtu mweusi hakanyagi. Satchel Paige alifunguliwa mlango mwaka 1948 akiwa na miaka 42, na mwaka 1965, akiwa na miaka 59, bado alirusha awamu tatu kwa Kansas City. Sasa huyo akiwa na 25 alikuwaje?

Ndiyo maana mdakaji wangu ni Josh Gibson, si Bench. Takwimu za ligi za weusi ziliingizwa rasmi kwenye vitabu mwaka 2024, na Gibson akakaa juu ya Ty Cobb, aliyekuwa anaongoza, kwa wastani wa kupiga wa maisha: .372 kwa .367. Alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35. Jackie Robinson, mweusi aliyeufungua ule mlango wa ligi kuu, aliingia uwanjani Aprili mwaka huo huo. Nimejifunza mchezo huu pale Azania, kwenye uwanja uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, na nafasi yangu ilikuwa kudaka. Kuchuchumaa mechi nzima ukila vumbi halafu ukapige namna ile, si mchezo jamani.

Paige naye mwingize, Koufax apumzike. Alistaafu akiwa na miaka 30.

Mtoto wa Ngamiani:

Dada umenigusa. Josh Gibson anaingia, Bench nje, Mungu anilinde. Ryan nje, Pedro ndani. Bonds nje, Williams ndani, kwa sababu ile hadithi ya siku ya mwisho inatosha dakika moja kamili. Koufax simtoi. Alistaafu baada ya kushinda 27 na kuruhusu 1.73, kiwiko ndicho kilichomshinda, si wapigaji. Paige nitamtaja nikiongelea Josh Gibson.

Kipanga wa Mbagala:

Na yule mtu wenu wa Cincinnati aliyefungiwa kwa kuweka mikeka? Au huyo hatajwi kwa wakwe?

Mtoto wa Ngamiani:

Pete Rose. Mipigo 4,256, rekodi mpaka leo. Hapa anatajwa kila siku, ndiyo maana namkimbia.

Mtoto wa Ngamiani (Jumapili):

Wakuu, mrejesho. Sikulipa. Mbavu zimelipwa na kijana aliyeleta wapigaji tisa bila mdakaji hata mmoja.

Nilipotamka kwamba Bench hayumo, zilipigwa kelele za derby. Nikawapa Januari na Aprili za 1947 kama alivyonifundisha dada, wakatulia. Jamaa mmoja akaniomba nirudie hizo tarehe. Pedro alipita bila maneno.

Shida ilikuja kwa Bob Gibson, mtu niliyedhani ndiye bima yangu. Mzee aliniacha nimalize, akauliza kimoja tu: kama 1968 aliruhusu 1.12, alipotezaje mechi tisa? Nikashikwa na kigugumizi. Mzee akacheka, akaongeza mbavu kwenye sahani yangu, hakunijibu.

Mkazi wa Boston:

Moja ya hizo tisa alifungwa 1-0 na Giants. Siku hiyo Gaylord Perry wa upande wa pili hakupigwa hata mpira mmoja na wenzake Gibson.

Kipanga wa Mbagala:

Aaa, kumbe! Kipa anadaka kila kitu, huku mbele watu wanapaisha. Mkuu ungeniuliza mimi, nimeshangilia Taifa Stars miaka thelathini.